Mmoja Mahali pa Mwenzake

Gerezani, 12 Januari 2009

Shangazi Yamina,

Najua utakachosema ukiuona mwandiko huu: "Leo kakumbuka kuwa ana shangazi, basi ana shida." Ni kweli, nina shida. Lakini kwanza nakuamkia, nakubusu kichwani, na naomba radhi kwa kimya changu tangu waliponihamishia huku magharibi.

Nimejiandikisha kufanya mtihani wa kumaliza shule ya kati. Ndiyo, mimi, Tayeb wa kaka yako, yule uliyemtoa darasani kwa sikio. Usicheke mpaka umalize kusoma. Hapa mfungwa akifaulu mtihani, jina lake huingia kwenye msamaha wa sikukuu ya uhuru mwezi wa Julai. Nikifaulu, natoka kiangazi hiki. Nisipofaulu, nina miaka miwili mingine ya kulipia ile petroli niliyoivusha kwenda Tunisia.

Na unajua kwa nini nataka kiangazi hiki na si kingine. Fatiha ya uchumba wangu na Hadda ilishasomwa, watu wakala, lakini baba yake, Haj Belkacem, alimwambia Mama waziwazi kwamba anasubiri mpaka kiangazi tu. Baada ya hapo binti yake hakai tena kungojea mlango wa jela. Simlaumu. Ningekuwa na binti ningesema vivyo hivyo.

Masomo mengine nitayabeba. Hesabu ndiyo itakayoniua, hasa ile milinganyo yenye visivyojulikana viwili. Mwalimu wa hapa huja akikumbuka, na akija anatusimulia mpira. Kitabu tunacho kimoja chumba kizima, na kurasa zake nyingine watu wamezivutia sigara. Nifundishe kwa barua, Shangazi. Sina mwingine.

Mwanao,
Tayeb


Tebessa, 27 Januari 2009

Tayeb,

Sikucheka. Nililia kidogo, kisha nikatafuta kalamu. Theluji imeziba njia na miguu yangu haitaki ngazi, kwa hiyo mimi sina pa kwenda na wewe huna pa kunikimbilia. Tuanze.

Boma lina kondoo na kuku. Vichwa vyote ni saba, miguu yote ishirini. Idadi ya kondoo iite sin, ya kuku iite ain, kwa herufi zetu za Kiarabu, kama nilivyokufundisha enzi zile ukichungulia dirishani. Mlinganyo wa kwanza: sin na ain ni saba. Wa pili: sin mara nne na ain mara mbili ni ishirini.

Kosa lenu nyote ni kutaka kuwakamata wote wawili kwa mpigo. Haiwezekani. Mlinganyo mmoja peke yake haukwambii kitu, utakaa nao mpaka uzeeke. Mshike mmoja umlazimishe ajieleze kwa jina la mwenzake: ain ni saba toa sin. Bado humjui, lakini sasa unajua yuko upande gani wa mwenziwe. Hapo nenda kwenye mlinganyo wa pili. Kila unapomkuta ain, mtoe, na mahali pake weka hiyo saba toa sin, ndani ya mabano. Mabano, Tayeb! Ukiyasahau nitajua hata kabla barua haijafika. Sasa kabaki mmoja tu, na mmoja hana pa kujificha. Sin mara mbili inabaki sita, kondoo ni watatu, kuku wanne.

Ukimaliza usikimbilie kufunga daftari. Rudisha majibu yote mawili kwenye milinganyo yote miwili. Ukikataa hata mmoja, umekosea. Ikikubali yote miwili, hata kama jibu hulipendi, ndilo hilo.

Nasikia siku hizi vitabu vinatumia x na y za Wafaransa. Nilistaafu kabla ya upuuzi huo. Wasikutishe. X ni sin, y ni ain. Badilisha herufi tu, mengine ni yale yale.

Mama yako mzima. Mdogo wako Lazhar kapata kazi machimboni na sasa ananyoa ndevu kila siku kama karani. Hadda anakusalimu. Soma.

Shangazi yako,
Yamina


Gerezani, 2 Machi 2009

Shangazi,

Barua yako nimeipata juzi. Afisa anayesoma barua zetu aliikalia wiki nyingi, kisha akaniita ofisini, kaiweka mezani, uso umemvimba.

"Huyu Sin ni nani?"

"Kondoo, bwana."

"Na Ain?"

"Kuku, bwana."

"Wewe umefungwa kwa magendo mpakani, halafu shangazi yako anakuandikia habari za kondoo na kuku, mmoja atolewe, mwingine awekwe mahali pake. Unaniona mimi punda?"

Nikamwambia hapana. Akaniuliza ndani ya mabano tunaficha nini. Nikamwambia saba toa sin. Akanirudisha chumbani bila barua. Iliniokoa zamu ya afisa mwingine ambaye binti yake yuko shule ya kati. Aliitazama mara moja akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Mzee Kouider, anayelala kitanda cha chini yangu, ananiita Bwana Kondoo tangu siku hiyo, na chumba kizima kinaniuliza kuku wanataga lini.

Lakini nimeelewa, Shangazi! Miaka yote ile darasani nilidhani ni uchawi, kumbe ni kumweka mmoja mahali pa mwenzake na kuvumilia kidogo. Nimejitungia maboma yangu mwenyewe na nimeyamaliza. Yanakubali.

Sasa jambo jingine. Unasema Hadda ananisalimu. Mbona haandiki? Zamani aliandika hata mistari mitatu, akinidhihaki kwamba mwandiko wangu ni wa kuku. Haj Belkacem bado ana neno lile? Niambie ukweli nisome nimetulia. Nikiwa na wasiwasi namba zinanihama.

Tayeb


Tebessa, 15 Machi 2009

Tayeb,

Maboma yako nimeyapitia. Yote sahihi. Katika la tatu umeandika mabano kwa kuyaparuza tu, lakini yapo, basi nimekupa alama.

Umeuliza habari za Haj Belkacem. Alikuja kwa mama yako Ijumaa, akakaa mpaka kahawa ikapoa. Nilikuwepo, walinibeba kunipandisha ngazi. Neno lake ni hili: harusi ya Hadda ni kiangazi hiki, haisogei mbele wala nyuma. Nakuandikia kama lilivyotoka mdomoni mwake.

Hadda haandiki kwa sababu ana kazi nyingi, anafuma. Usiniulize tena habari za harusi, mwanangu. Hayo ni mambo ya wanawake, na mimi mwenyewe yamenichosha. Nilisema niliyoyasema pale sebuleni, na sauti yangu siku hizi ni ya kikongwe. Wewe una kazi moja tu, nayo ni Juni. Ukitoka mlango huo kwa miguu yako, mengine tutayazungumza tukiwa tumekaa.

Nakutumia milinganyo kumi. Yenye sehemu iko mwishoni, usiiruke.

Yamina


Gerezani, 6 Aprili 2009

Shangazi wangu wa dhahabu,

Harusi ya Hadda ni kiangazi hiki! Sentensi hiyo nimeisoma mpaka wenzangu wamenitishia kuichoma. Mzee Kouider kasema, "Bwana Kondoo, hata Kurani hujaisoma hivyo." Basi mzee wa watu ananingoja! Nilikuwa nimeanza kumfikiria vibaya, Mungu anisamehe. Mwambie Hadda afume polepole, nitafika.

Mwambie na Lazhar kile chumba cha juu asikiguse, nitakimaliza mwenyewe nikitoka. Nilibakisha lipu ya ukuta mmoja tu.

Milinganyo yako kumi nimeimaliza, hata yenye sehemu. Ila kuna jambo limenikwaza. Nimefungua kile kitabu cha hapa, nikakuta boma lile lile la kwako, vichwa saba na miguu ishirini, wameandika kwa x na y. Nikafanya kama ulivyoniambia, nikabadilisha herufi tu, nikausoma mstari wao kutoka kulia kama tulivyozoea. Nimepata kondoo watano na theluthi mbili. Na kuku, Shangazi, nimepata pungufu ya sifuri! Mzee Kouider anasema ile theluthi moja kala afisa wa barua, na kuku anatudai. Nimerudia mara nyingi. Kosa liko wapi?

Tayeb, anayetoka kiangazi


Tebessa, 20 Aprili 2009

Tayeb,

Kosa liko kwenye kitabu. Mstari wao ni: x toa saba ni y. Boma lenye kuku wasiofikia hata sifuri, nani kaliona? Wamechapisha ovyo, kama wafanyavyo kila kitu siku hizi. Miaka thelathini nimefundisha hesabu mji huu, sijawahi kukosea ishara. Kitupe kitabu chao ushike barua zangu.

Lazhar nimempa salamu zako. Habari ya chumba sikumwambia. Mengine mama yako atakuandikia, anasema anataka kukuandikia mwenyewe. Nimemwomba angoje mpaka Juni ipite. Ikifika kabla, isome baada ya mtihani. Nakuomba hivyo.

Kula vizuri. Usibishane na afisa.

Yamina


Tebessa, 4 Mei 2009

Mwanangu Tayeb,

Anayeniandikia leo ni binti wa jirani, kwa sababu Lazhar nimemwomba anishikie kalamu kama kawaida akakataa, akatoka nje. Sijui ana nini.

Mimi mzima, magoti tu. Nimekutumia soksi na tende, ukiona tende zimepungua basi si mimi. Nakuombea kila swala.

Mwanangu, shangazi yako alitaka ninyamaze, lakini mama hawezi kumficha mwanawe furaha ya nyumbani. Mdogo wako Lazhar anaoa kiangazi hiki. Bibi harusi ni mtu wa karibu, unamfahamu, watu wake ni wema na wala si wageni kwetu. Haikuwezekana kungoja, tungevunja jambo lililokwisha kusomewa Fatiha. Chumba cha juu amekimalizia yeye, lipu imekaa vizuri. Usiumie. Wewe ni mkubwa wake, mkubwa husamehe. Riziki yako ipo, Mungu hamsahau mtu.

Nakuombea ufaulu uje utushike mkono.

Mama yako,
Zineb


Tebessa, 30 Juni 2009

Mwanangu Tayeb,

Matokeo yamebandikwa. Nilimtuma mtu akauliza mpaka wizarani na jina lako halipo. Sikuhitaji kuuliza. Nilishajua tangu wiki iliyopita, na tangu hapo sijala vizuri.

Mjukuu wa jirani alifanya mtihani huo huo, akaniletea karatasi nimwangalizie. Nikaona milinganyo miwili, ya kubadilisha, ile ile tuliyoifanya mimi na wewe majira yote ya baridi. Nikaianza kwa mbwembwe mbele ya mtoto, nikafika kwenye jibu la kipuuzi, kama wale kuku wako. Nikasema, na hawa nao wamekosea kuchapisha. Mtoto akanitazama, akaniambia kwa adabu, "Bibi, mbona unasoma kinyume? Inaanzia kushoto."

Kumbe hawakubadilisha herufi tu. Waligeuza mstari mzima! Ile saba toa x ya kwao mimi niliisoma x toa saba. Na wewe uliniuliza, Tayeb. Uliona kuna kitu, ukaniuliza kwa herufi kubwa, nami nikakwambia ukitupe kitabu. Kitabu kilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekuwa kinyume.

Umekosa kutoka kwa sababu ya kiburi cha mwanamke mzee. Ningekuwa na miguu ningekuja kukaa mlangoni kwenu mpaka wanifungie mimi. Naona mtihani upo tena mwakani. Nimeshaanza kujifunza kuandika kutoka kushoto, mkono hautaki, lakini utataka. Jiandikishe tena, mwanangu. Nitakutumia kila kitu upya.

Nyumbani wazima wote.

Yamina


Gerezani, 12 Julai 2009

Shangazi Yamina,

Acha kulia na ule chakula.

Habari ya kushoto na kulia niliijua tangu Aprili, kabla jibu lako halijafika. Kuna kijana mpya wa Oran aliletwa chumbani kwetu, shule kaiacha juzi tu, alinikuta nagombana na wale kuku akacheka, akanigeuzia kitabu. Sikukwambia kwa sababu ulijivuna vizuri mno kwenye barua, nikaona haya kukuaibisha. Basi hukunifelisha wewe. Ondoa hilo moyoni leo hii.

Barua ya Mama waliiachia siku ya kuamkia mtihani. Uliniomba niisome baadaye. Nani anapata barua ya mama yake humu ndani akaiweka?

Mwanzoni sikuona kitu. Nilifurahi, Shangazi, nakuapia, nilifurahi kwamba Lazhar anaoa. Nikawaambia wenzangu, mwaka huu kwetu harusi mbili. Ndipo Mzee Kouider akauliza bibi harusi ni nani, nikasema Mama hakumtaja. Na papo hapo nikakumbuka sentensi yako niliyoisoma mpaka karatasi ikachanika. Wewe ulinitajia harusi ya Hadda kiangazi hiki, bwana harusi hukumtaja. Mimi mwenyewe ndiye niliyejiweka pale. Mama kanitajia harusi ya Lazhar kiangazi hiki, Fatiha ilishasomwa, mke ni mtu ninayemfahamu. Kila moja peke yake haikunambia kitu, kama ulivyosema. Nikaiweka moja ndani ya nyingine.

Nikahakikisha pia, ulivyonifundisha. Nikarudisha kila kitu mahali pake. Hadda kuacha kuandika, ikakubali. Wewe kuchoka na habari za harusi, ikakubali. Lazhar kukataa kalamu, ikakubali. Nilitafuta kimoja tu kikatae, nilikitafuta mpaka adhana ya alfajiri. Hakuna.

Nawaelewa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Fatiha ilisomewa nyumba yetu, Haj Belkacem hakutaka aibu ya kuivunja, Mama hakutaka kumpoteza Hadda, na kijana wa nyumba alikuwepo, ana kazi, ananyoa ndevu. Wakatoa mmoja wakaweka mwingine. Kama Hadda aliulizwa sijui, na wewe usiniandikie.

Asubuhi walinipeleka chumba cha mtihani. Hesabu ilikuwa ya siku ya kwanza. Ile milinganyo miwili ilikuwa ukurasa wa pili, na nilipoitazama jibu lilikuja lenyewe, bila hata kushika kalamu. Niliifahamu vizuri, Shangazi. Ningekuletea alama zote. Niliandika jina langu juu ya karatasi nikakaa mpaka wakaikusanya. Siku zilizofuata sikwenda.

Maana ningetoka nikaenda wapi? Nyumba ina ngazi moja na ua mmoja. Kila asubuhi ningekutana naye akitoka kuchota maji, na ningelazimika kumwita shemeji mbele ya watu. Ningekula mkate wake na kusema Mungu akubariki, shemeji. Neno hilo nimelijaribu humu ndani, usiku, kwa sauti ndogo. Halitoki.

Usijifunze kuandika kutoka kushoto kwa ajili yangu. Sitajiandikisha mwakani, na kifungo kikiisha nitabaki huku huku magharibi. Mzee Kouider ana ndugu wenye mashamba ya mizabibu wanaotafuta watu. Ulijaribu kunilinda, najua, na najua ulipigana pale sebuleni peke yako. Nakubusu mikono.

Nakuomba kitu kimoja. Mama akiuliza, mwambie hesabu ilinishinda. Mwambie na Lazhar hivyo hivyo, na Hadda. Hakuna atakayeuliza mara mbili. Wote wananijua, tangu utotoni sikuwa na kichwa cha hesabu.

Mwanao,
Tayeb